Sikuubusu Mpungate, Ilikuwa Glavu

Kwanza tuelewane: sikuubusu mpungate, ule mmea wa jamii ya kaktasi. Huyo mwenzangu aliyewasimulia kwamba alinikuta nimeinamia chungu nikiupiga busu ana sababu zake, nitazifikia. Iliyonibusu ni glavu.

Na kinachoniuma, ukiacha mdomo, ni kwamba kazi yenyewe, kukata vipande vya mpungate vya kupanda, niliifanya kwa ufundi. Nilichagua bapa (lile pande pana kama jani) la mwaka jana, lililokomaa. Lile changa linalong'aa huoza upesi. Nikalizungushia gazeti nililokunja mara nne, nikakata pale kwenye kiungo, maana hapo ni pembamba na kidonda kinakuwa kidogo. Nikalilaza kivulini. Litakaa hapo wiki moja hadi mbili mpaka kidonda kikauke kama gaga, ndipo nilisimamishe kwenye udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na mchanga wa chengachenga, lizame sentimita 2 au 3 tu. Maji hakuna mpaka lishike mizizi, kama mwezi hivi. (Najua mtalimwagilia. Likiwa jeusi na teketeke huko chini, msinitafute.)

Mpungate wangu ni ule usio na miiba mirefu. Una vidoa vya manjano tu, vimejipanga kama nukta, ukiutazama unatamani kuupapasa. Huo ndio mbaya. Kila kidoa ni fungu la vimiiba vyembamba kuliko unywele, tele, na kila kimoja kina vindoana vilivyogeukia nyuma: kuingia kinaingia, kutoka ni mpaka mjadiliane. Na si lazima uukamate. Ukiugusa tu vinang'oka na kuhamia kwenye ulichogusia. Ndiyo maana glavu ya kitambaa haikukingi, inakuwekea akiba. Haya yote nayajua. Nimewahubiria wangapi humu?

Sasa tazameni. Mkono wa kushoto umeshika bapa la pili na gazeti lake. Wa kulia umevaa glavu, jasho linachuruzika, kisu kinateleza. Nataka kuivua na sina mkono wa tatu. Nikaileta mdomoni. Taratibu kabisa, kama mtu anayemenya muwa, nikang'ata ncha ya kidole cha kati, nikavuta. Ikagoma. Nikang'ata cha shahada, nikavuta. Nikamalizia na gumba, maana mimi kazi siachi nusu. Ikachomoka, nikaitema.

Kimya. Amani ya sekunde tatu. Kisha mdomo wa chini ukaanza kuwasha, kwa adabu, kama pilipili inayobisha hodi. Na hapo, jamani, mtaalamu wenu nikaulamba.

Ulimi ukavichota, ukavitembeza mdomo wa juu, ukarudi navyo ndani kwenye ufizi. Upupu ni mchezo wa watoto! Nikajipangusa kwa mkono wa shati. Shati hilohilo lililokuwa likiparuza mpungate tangu asubuhi.

Ndipo mwenzangu akaingia. Nimeinama, ulimi nje, mate yanadondokea chunguni.

"We, vipi?"

"Fimifa."

"Nini?"

"FIMIFA!"

Alikaa chini kabisa, kwenye udongo, akacheka mpaka akashika mbavu.

Yaliyofuata ni mafupi: kibano, tochi ya simu, saa mbili za kuambiwa "tulia". Kusugua marufuku, vinakatikia ndani. Kwenye vidole, baada ya kibano tulipaka gundi nyeupe kiasi, tukalaza kitambaa cha shashi, tukaacha ikauke kabisa kisha tukabandua. Ikaondoka na vilivyobaki. Alitaka kunipaka na mdomoni, kwa utafiti. Nilikataa kwa ishara ambayo sitaielezea hapa.

Leo naongea vizuri, ila herufi p bado inanichoma.

Ambacho hajawasimulia ni hiki. Alipotaka kunipiga picha alihitaji mikono yote miwili, na ile glavu alikuwa ameshaiokota kama kielelezo. Akaibana kwapani. Alikuwa amevaa singlendi.

Asubuhi hii amekuja kuazima kibano. Nimemwambia nakitumia.