Neno la muuguzi kwa mvutaji wa Lubumbashi

Likitajwa suala la kuacha sigara hapa Lubumbashi, iwe Kamalondo, Katuba au kwenye ofisi zenye hewa baridi katikati ya mji, watu hugawanyika upesi. Wapo wanaosema ni moyo tu: mtu akiamua ataacha, na kila mmoja ana mjomba aliyetupa pakiti wiki ya ubatizo wake asiiguse tena. Wapo wanaosema nikotini inamfunga mtu kama ulevi mwingine, kwamba kumwambia ajikaze ni kumnyima matibabu, na kwamba serikali ilete plasta za nikotini na vidonge kama huko Ulaya. Wa kwanza wanawaona wa pili kuwa mawakala wa makampuni ya dawa. Wa pili wanawaona wa kwanza kuwa wahubiri. Na pande zote mbili zina utafiti wa kweli nyuma yao, ndiyo maana ubishi hauishi.

Nianze na upande wa moyo, kwa kuwa ndio wasomi hupenda kuudharau. Mwaka 2010 Simon Chapman na Ross MacKenzie wa Australia waliandika katika jarida la PLoS Medicine kwamba kati ya theluthi mbili na robo tatu ya watu waliowahi kuvuta na kuacha, waliacha bila dawa na bila mshauri. Kisha wakauliza kwa nini watafiti hawaoni la kuchunguza hapo. Walipopitia makala 511 za miaka ya 2007 na 2008, zaidi ya asilimia 90 zilihusu kuacha kwa msaada. Yaani sayansi ilikuwa imewakodolea macho wachache. Sababu moja haihitaji ujanja kuiona: kidonge kina mwenye kukiuza, naye yuko tayari kulipia majaribio yake. Anayeamua Jumatatu asubuhi kwamba basi, imetosha, hana wa kumfadhili.

Hoja hiyo ina nguvu, ila inahesabu kitu kimoja na kuachia kingine. Ukifuata majaribio ya kuacha, badala ya kuwafuata waliokwisha kufaulu, utakuta kwamba anayeacha peke yake hufika miezi 6 au mwaka bila kuvuta mara 3 hadi 5 katika kila majaribio 100. Wengi waliofaulu walikuwa peke yao kwa sababu wengi waliojaribu walikuwa peke yao. Ni kama egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari: wanafunzi wengi wanaopata diploma hawakuwa na mwalimu wa kuwafundisha nyumbani, lakini hakuna mzazi anayesema kwa hiyo mwalimu wa nyumbani hana faida. Faida yake hupimwa kwa kulinganisha mwenye naye na asiye naye.

Na huo ndio ulinganisho ambao upande wa dawa umeufanya kwa bidii. Jaribio kubwa lililotolewa mwaka 2016 katika The Lancet, linaloitwa EAGLES, lilichukua watu zaidi ya 8,000 katika nchi 16 na kuwagawa kwa bahati nasibu: wengine vidonge vya kuacha sigara viitwavyo vareniklini, wengine vya bupropioni, wengine plasta ya nikotini, wengine kidonge kisicho na dawa. Nusu yao walikuwa na historia ya ugonjwa wa akili, kwa sababu vareniklini ilikuwa imeshukiwa kuwapa watu mawazo ya kujiua. Hofu hiyo haikuthibitika, na mwishoni mwa mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa onyo kali lililokuwa kwenye boksi. Kwa wasio na historia ya ugonjwa wa akili, waliokaa bila sigara kuanzia wiki ya 9 hadi ya 24 walikuwa asilimia 25.5 kwa vareniklini, karibu 19 kwa bupropioni na kwa plasta, na 10.5 kwa kidonge kitupu.

Ubora huo una maelezo ya kimwili. Nikotini inayovutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na baada ya saa 2 hivi nusu yake imekwisha kutoka kwenye damu. Mvutaji mkubwa anaamka kila asubuhi akiwa na njaa nayo. Vareniklini hushika mahali palepale nikotini inaposhika, ila kwa ulegevu: njaa inapungua, na sigara ikivutwa haileti raha ileile. Kuna mzee wa ukoo huo, sitisini, inayotokana na mti wa laburnum, ambayo Bulgaria ilianza kuiuza mwaka 1964. Ilikaa miongo mingi bila kujulikana nje ya Ulaya ya mashariki. Jaribio la Poland la mwaka 2011 lilionyesha asilimia 8.4 wakiwa bado hawajavuta baada ya mwaka mzima, dhidi ya 2.4 kwa kidonge kitupu, na mwaka 2014 huko New Zealand iliishinda nikotini ya plasta na ubani wa kutafuna, asilimia 22 kwa 15 baada ya miezi 6. Ni dawa ya bei ndogo, na matibabu ya kawaida huchukua siku 25. Mpenda dawa anayejali mfuko wa Mkongomani angesimamia hapo, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiweka sitisini miongoni mwa dawa linazopendekeza.

Basi upande wa dawa umeshinda? Kwa mvutaji wa pakiti, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Lakini tazama nani aliingia kwenye majaribio hayo. Ili ukubaliwe EAGLES ilibidi uwe unavuta wastani wa sigara kama 10 kwa siku au zaidi. Hapa kwetu sigara hununuliwa moja moja, kwa mama mwenye meza ya biskuti na vocha, au mlangoni mwa baa pamoja na kikombe cha lutuku. Wapo wa pakiti nzima, sikatai. Lakini kijana wa sigara tatu kwa siku na tano siku ya Jumamosi ndiye mvutaji tunayemkuta kila kona, na yeye hakualikwa.

Jaribio lililomkaribia mtu huyo lilifanywa Marekani na kutolewa mwaka 2006, kwa Wamarekani weusi 755 waliovuta sigara 10 au pungufu kwa siku. Ubani wa nikotini uliwapa asilimia 14.2 ya kuacha baada ya miezi 6, na ubani mtupu 11.1, tofauti ambayo kitakwimu haisimami. Kilicholeta tofauti ni maongezi, tena ya namna ambayo wataalamu hawakuitegemea. Walioelezwa wazi madhara ya sigara na namna ya kuacha waliacha asilimia 16.7. Wale waliopewa mazungumzo ya kuwavuta taratibu watafute sababu zao wenyewe waliacha 8.5 tu. Mimi nilipenda matokeo hayo, labda kupita kiasi, maana kwetu mgonjwa aliyepanga foleni tangu saa 12 asubuhi anataka munganga amwambie jambo, si amuulize anajisikiaje.

Asije akasema mtu kwamba wa sigara tatu hana haja ya kusaidiwa. Uchambuzi wa mwaka 2018 katika jarida la BMJ ulikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba sigara moja kwa siku hubeba kama nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo na kiharusi anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Kupunguza si kinga kwa moyo.

Ushahidi unaotufaa zaidi, kwa maoni yangu, hautoki London wala Warszawa. Unatoka Pakistan, kwenye vituo vya afya 33 vinavyofanana na vyetu kuliko hospitali yoyote ya Ulaya. Watafiti walichukua wavutaji 1,955 walioshukiwa kuwa na kifua kikuu. Kundi moja lilipewa maongezi mafupi mawili na mhudumu wa kituo. La pili, maongezi hayo pamoja na bupropioni ya wiki 7. La tatu, huduma ya kawaida. Baada ya miezi 6, walioacha walikuwa asilimia 41 kwa maongezi, 45.4 kwa maongezi na dawa, na 8.5 kwa huduma ya kawaida. Jaribio hilo lilitolewa mwaka 2013. Mwaka 2020 likaja jingine la Bangladesh na Pakistan, wagonjwa 2,472 wa kifua kikuu, wote wakipewa ushauri, nusu wakiongezewa sitisini. Asilimia 32.4 dhidi ya 29.7. Dawa iliyong'ara Poland haikuongeza kitu cha kuonekana.

Kwa nchi ambayo ni miongoni mwa zile 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kwa mkoa ambao wanaume wake wengi wamekula vumbi la migodi, takwimu hizi zinabadilisha swali. Mgonjwa wa kifua kikuu anarudi kituoni kwa miezi 6 kuchukua dawa. Tayari kuna muuguzi, kuna kadi, kuna benchi. Uvutaji unaongeza hatari ya kuugua kifua kikuu takriban mara mbili, kwa hiyo neno la muuguzi pale si mahubiri, ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Watu wa dawa watajibu, na majibu yao si mepesi. Watasema mtu anayekohoa kwa wiki tatu ameogopa tayari, na hofu ndiyo iliyofanya kazi ambayo ingefanywa na kidonge. Mvutaji mzima wa mwili hatakuwa hivyo. Watasema matokeo ya Pakistan yalitofautiana mno kati ya kituo na kituo, dalili kwamba kila kitu kilitegemea anayesema na namna anavyosema. Na watauliza ni muuguzi gani wa komini za hapa mjini, Kenya au Kampemba, mwenye wagonjwa hamsini mlangoni na mshahara unaochelewa, atakaa na mtu mmoja nusu saa. Hoja ya mwisho ndiyo inayoniuma. Kidonge hakichoki. Hata hivyo uzoefu wa London unapunguza bei: mwaka 1979 Michael Russell na wenzake walionyesha kwamba daktari akitoa ushauri mfupi katika ziara ya kawaida, akampa mgonjwa karatasi ya maelezo na kumwambia atafuatiliwa, asilimia 5.1 waliacha kwa mwaka mzima, dhidi ya 0.3 ya wasioambiwa kitu. Ni wachache, ila ni dakika mbili.

Kuhusu sigara za umeme sitakaa sana. Jaribio la Uingereza la mwaka 2019 lilizipa ushindi dhidi ya plasta na ubani, asilimia 18 kwa 9.9 baada ya mwaka, lakini wanane kati ya kumi walioacha kwa njia hiyo walikuwa bado wanavuta chombo chenyewe. Mahali ambapo hata sigara moja moja inauzwa kwa mtoto, ilhali Kongo iliridhia mwaka 2005 mkataba wa kimataifa unaotaka uuzaji huo uzuiwe, sioni nani angesimamia bidhaa nyingine ya nikotini.

Kwa hiyo ningepanga hivi: maongezi kwanza, katika vituo vya kifua kikuu na kwa wajawazito wanaoishi na wavutaji, sitisini au plasta zihifadhiwe kwa wale wa pakiti, wanaowasha ya kwanza kabla ya kunawa uso. Na ningependa mpango huo ujaribiwe hapahapa, vituo vingine vikifanya na vingine vikisubiri, ili tujue kama asilimia 41 ya Pakistan inavuka bahari au ni yao peke yao. Kifaa cha kupima kaboni monoksidi kwenye pumzi kinashikwa kwa mkono, hakihitaji maabara, na ni vigumu mvutaji kukidanganya ikiwa amevuta saa chache tu zilizopita.