Vyeti kwanza, kazi baadaye

Kijana anaomba kazi ya keshia hapa Kenya kwenye Sacco (chama cha akiba na mikopo), kaunta ya FOSA, yaani ya kuweka na kutoa pesa, na kabla hata ya kuitwa kwa mahojiano anatakiwa alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), cha KRA (mamlaka ya ushuru), cha EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na cha CRB (wanaoweka rekodi za wakopaji). Cha polisi pekee ni shilingi 1,050. Hana kazi, jamani! Azitoe wapi? Na sheria ya ajira ilirekebishwa 2022: mwajiri asidai vyeti hivi mpaka awe tayari kumpa mtu mkataba. Sacco zinazosimamiwa na SASRA, mamlaka ya kudhibiti Sacco, haziwezi kusema hazijui sheria.

Cha CRB ndicho kinachoniudhi zaidi. Mtu alishindwa kulipa mkopo wa simu kwa kukosa kazi, sasa ananyimwa kazi kwa ajili ya mkopo uleule.

Akiponea hapo, anaulizwa: “Utatuletea wanachama wangapi?” Si mlitangaza nafasi ya kuhudumia wateja? Muulizeni atamjibu vipi mzee ambaye gawio lake halijaingia, au atafanya nini pesa zikipungua jioni akifunga hesabu. Hayo hawaulizi kabisa.