Msaada wa Sabaki ufike umeiva, na kamera zibaki nyumbani

Ndugu zangu wa Malindi na Magarini, nalisema hili sasa jua likiwaka, maana maji yakishafika hakuna mwenye nafasi ya kusikiliza.

Naishi Italia, mkoa wa Emilia-Romagna. Mei 2023 mito ya huko ilivunja kingo, watu 17 wakafariki, na katika mji wa Faenza tope likaingia hadi vyumba vya kulala. Nilijitolea kugawa chakula. Mwaka huohuo, mvua za El Niño zilipoifurisha Sabaki, mto wetu wa pwani ya Kenya, nilikuwa nyumbani, nikajitolea tena kwa watu waliohama mashamba ya ukingoni upande wa Garashi.

Faenza chakula kilitoka jikoni kimeiva, tambi za moto na mkate. Bibi aliyekwama ghorofani alipelekewa sahani mlangoni, na hakuna aliyemuuliza yeye ni mtu wa nani.

Kwetu lori lilishusha unga wa mahindi, maharagwe, mafuta na chumvi. Ni chakula kizuri. Lakini mama aliyekimbia usiku na watoto, sufuria zimechukuliwa na maji, kuni zimelowa chapa, maharagwe atayapikia nini? Yanataka moto wa saa kadhaa na maji safi, naye maji aliyonayo ni yale mekundu ya mtoni. Mashirika ya misaada hupiga hesabu ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, lakini unga mkavu haumshibishi mtoto. Wapo waliouza sehemu ya unga ili wapate makaa, wakalaumiwa. Mimi siwalaumu hata kidogo.

Halafu picha. Watu wapange foleni tangu alfajiri, kisha mtu asimame na mfuko wa unga kifuani akingoja mgeni rasmi apigwe picha naye. Nilimwona mzee wa umri wa babu yangu akishusha kofia ifunike macho. Sisi tulilelewa kumsitiri mwenye shida. Kinachotolewa na mkono wa kulia, wa kushoto usikijue. Tabia hii tumeitoa wapi?

Ulaya nako siisifu kwa yote. Faenza tulikuwa tukigonga milango bila kujua ndani mna nani, na jirani wa ukuta mmoja hajui pia. Kwetu akina mama walijua bila karatasi nani ni mjamzito, nani hainuki kitandani, nani amepokea watoto wa nduguye. Kabla lori halijaonekana walishakoroga uji kwa unga wa nyumba zilizo juu, zisizofikiwa na maji. Hao ndio waliostahili kushika orodha. Badala yake iliandikwa na watu wasioijua hata njia ya kijiji, na waliohama wengi majina yao hayakuwemo.

Mafuriko ya Sabaki hutoka bara, mto ukiitwa Athi, kisha Galana. Mvua ya Nairobi haifiki kwetu siku hiyohiyo. Muda huo unatosha kupeleka masufuria ya shughuli, makaa na mitungi ya maji mahali pa juu, na wapishi wa pilau ya harusi Malindi wamejaa kila mtaa. Sisi tulio nje tuko tayari kuchanga. Tuambieni tu, katika kila kijiji, ni kikundi kipi cha akina mama tukitumie mchango.