Wamisri wa Raphia Hawakuwa Nyasi

Jumapili iliyopita nilisikiliza kipindi cha historia redioni kuhusu pigano la Raphia la mwaka 217 KK, mahali ambapo leo panaitwa Rafah, kusini mwa Gaza. Mtangazaji alisimulia kwa ufundi jinsi Ptolemy IV wa Misri alivyokutana na Antiochus III wa Shamu (Syria), mmoja akiwa na tembo 73 na mwingine 102, na alipofika mwisho akafunga kwa methali ambayo kila msikilizaji alikuwa akiingojea, kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nilizima redio nikabaki nimekaa. Methali yenyewe sina ugomvi nayo. Kilichoniuma ni kwamba ilitumika kuwafunika watu ambao siku ile hawakuwa nyasi hata kidogo, kwa kuwa walikuwa wamesimama katikati ya uwanja na mikuki mikononi, na ndio walioamua ni mfalme yupi arudi kwake na ushindi.

Waliosoma kitabu cha Danieli sura ya 11 wanazifahamu vita hizi hata kama hawakupata kusikia jina la Ptolemy, maana huyo ndiye mfalme wa kusini, na mrithi wa Seleucus ndiye mfalme wa kaskazini; Seleucus na Ptolemy I walikuwa majemadari wa Aleksanda Mkuu wa Makedonia, waliojitwalia kila mmoja ufalme wake. Falme hizo mbili zilipigana vita mara sita kati ya mwaka 274 na 168 KK zikigombea Shamu ya kusini na bandari za Foinike, pwani ya Lebanon ya leo. Mzizi wa ugomvi ulikuwa mgawanyo wa nchi baada ya majemadari wa Aleksanda kupigana wao kwa wao huko Ipsus mwaka 301 KK, ambapo Seleucus alipewa eneo hilo na washindi wenzake, naye Ptolemy I, ambaye hakufika vitani, akawa amekwisha kulikalia. Tangu hapo hakuna aliyekubali kushindwa.

Mwaka 219 KK Antiochus, akiwa bado kijana, aliteka Seleucia ya Pieria, bandari ya Shamu iliyokuwa mikononi mwa Misri, kisha Theodotus, kamanda wa Ptolemy mwenyewe, akamsaliti bwana wake na kumkabidhi Antiochus miji ya Tiro na Ptolemais. Misri haikuwa tayari kwa vita. Waziri Sosibius akaanza mazungumzo ya amani, na wajumbe wote akawa akiwapokea Memphis, huku mafunzo ya kijeshi yakiendelea Aleksandria, mbali na macho yao. Ndipo akafanya jambo ambalo nasaba ile ya Kimakedonia haikuwa imelifanya kwa kiwango hicho: aliwachukua Wamisri 20,000, akawapa silaha za Kimakedonia, akawafundisha kusimama katika falanksi, safu nyuma ya safu, kila mtu na mkuki wa zaidi ya mita tano.

Hebu tuutazame uwanja wenyewe, kwa sababu hapa ndipo masimulizi ya tembo yanapotupotosha. Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika katika karne iliyofuata, anasema kwamba tembo wengi wa Ptolemy waliogopa harufu na sauti ya tembo wa Kihindi wa Antiochus, wakageuka na kuwakanyaga watu wa upande wao. (Tembo wa Ptolemy walikamatwa pwani ya Bahari ya Shamu, upande wa Sudan na Eritrea za leo, wakasafirishwa kwa merikebu hadi Misri. Habari hiyo inastahili makala yake.) Ubavu wa kushoto wa Ptolemy ulivunjika, mfalme mwenyewe akajificha nyuma ya falanksi, na Antiochus akawafukuza wakimbizi mbali sana akiamini kwamba ameshashinda. Kumbe falanksi zilikuwa bado zimesimama. Ptolemy alijitokeza mbele ya watu wake, wakateremsha mikuki wakasonga mbele, na safu za Antiochus zikastahimili kwa muda mfupi kabla ya kugeuka. Mzee mmoja wa upande wa Antiochus ndiye aliyemwonyesha mfalme wake wingu la vumbi likisogea kutoka zilipokuwa falanksi kuelekea kambini kwao wenyewe. Alipogeuza farasi wake, mambo yalikuwa yamekwisha. Alipoteza karibu askari 10,000 wa miguu na zaidi ya 4,000 wakatekwa, ilhali Ptolemy alipoteza askari wa miguu wapatao 1,500.

Lile vumbi halikutimuliwa na tembo. Lilitimuliwa na miguu ya wanajeshi wa falanksi, na maelfu kati yao walikuwa watu ambao serikali ya Aleksandria iliwafahamu zaidi kama walipa kodi. Kwa nini tuwaache nje ya hadithi tunayojisimulia sisi Waafrika, tukabaki na majina ya wafalme wawili na hesabu ya wanyama?

Polybius, ambaye hakuwa na mapenzi ya pekee na Wamisri, aliliona jambo hili waziwazi. Anasema uamuzi wa kuwapa Wamisri silaha ulifaa kwa wakati ule lakini ulikuwa kosa kwa siku za mbele, kwa sababu ushindi wa Raphia uliwajaza fahari, wakaacha kuvumilia amri, wakaanza kumtafuta kiongozi wa kwao. Mnamo mwaka 205 KK hivi, Mmisri aitwaye Horwennefer alitawazwa kuwa farao huko Thebes. Baada yake akaja Ankhwennefer, na kwa takriban miaka 20 sehemu kubwa ya Misri ya Juu, yaani kusini mwa nchi, haikutawaliwa na Aleksandria. Maandishi ya hekalu la Edfu yanaeleza kwamba ujenzi ulisimama kwa sababu ya uasi, na kwamba waasi walijificha ndani ya hekalu lenyewe. Ujenzi ulianza tena baada ya Ankhwennefer kukamatwa mwaka 186 KK.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Polybius amelirahisisha jambo. Kodi zilikuwa nzito, thamani ya fedha ilikuwa imevurugika, na Wamisri waliwahi kuleta machafuko hata kabla ya Raphia, kiasi cha kumlazimisha Ptolemy III kukatisha ushindi wake huko mashariki na kurudi nyumbani. Mkuki peke yake hauzai uasi. Lakini hoja hiyo inaniunga mkono zaidi kuliko kunipinga, maana inaonyesha watu waliokuwa na sababu zao muda mrefu kabla Sosibius hajawakumbuka.

Kuhusu Shamu yenyewe, iliyogharimu haya yote, Antiochus aliitwaa kwa pigano la Panium mwaka 200 KK, na haikurudi Misri kwa kudumu.

Lipo jiwe moja ambalo kila mwanafunzi amelisikia, jiwe la Rosetta, lililoko London, ambalo tunafundishwa kulithamini kwa sababu lilifungua siri ya maandishi ya Misri ya kale. Ni mara chache tunafundishwa linasema nini. Ni azimio la makuhani la mwaka 196 KK la kumsifu Ptolemy V, mwana wa yule wa Raphia, nalo linaeleza jinsi alivyouzingira mji wa waasi wa Lycopolis katika Delta na jinsi viongozi wa uasi walivyouawa Memphis. Kisha, katikati ya sifa hizo, limo agizo kwamba watu wa tabaka la wapiganaji na wengine waliojitenga siku za machafuko, wakirejea makwao, wabaki na mali zao. Mfalme aliyekuwa akiwashinda waasi aliona ni lazima awaahidi hivyo, tena kwa maandishi ya aina tatu, hadharani, jiweni. Mtangazaji akirudi kwenye mada hii, namwomba aanze na agizo hilo.