Miaka minane ya Springfield: Obama alijifunzia wapi kutunga sheria?

Agosti 2006, Barack Obama alipofika Nyang'oma Kogelo kule Siaya, umati ulimpokea kama mtoto wa nyumbani aliyepata cheo Marekani. Cheo chenyewe, cha useneta wa taifa, kilikuwa hakijatimiza miaka miwili. Nyuma yake kulikuwa na miaka minane, 1997 hadi 2004, aliyokaa katika Seneti ya jimbo la Illinois mjini Springfield, na hiyo ndiyo sehemu tunayoiruka huku kwetu kila tunapomzungumzia. Tunaanza na hotuba ya Boston, ile ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic mwaka 2004, kisha tunaingia Ikulu ya Marekani.

Nairudia miaka hiyo kwa sababu tangu 2013 Kenya ina mabunge 47 ya kaunti, na kila uchaguzi wapo wawakilishi wadi wanaoomba wapandishwe waende bunge la taifa. Tukitaka kujua bunge dogo humfundisha mtu nini, na humzoesha tabia gani, Obama ni mfano wenye kumbukumbu nyingi zilizo wazi.

Aliingia kwa mlango wenye utata. Mwaka 1995 Alice Palmer, aliyekuwa seneta wa jimbo upande wa kusini mwa Chicago, aliamua kugombea kiti cha Washington na kumwachia Obama nafasi yake. Palmer akashindwa, akataka arudi kwenye kiti chake cha zamani. Obama alikataa kumpisha. Kila mgombea alitakiwa awe na sahihi 757 halali za wapiga kura, na watu wa Obama walizikagua za wapinzani wote mmoja mmoja. Wote wanne wakaondolewa, Palmer akiwemo, na Obama akaenda kwenye mchujo wa chama cha Democratic wa 1996 akiwa peke yake. Anayemtetea atasema sheria ni sheria, na asiyeweza kukusanya sahihi halali hana sababu ya kulalamika. Hilo nakubali. Lakini huyu alikuwa mtu aliyeongoza kampeni kubwa ya kuandikisha wapiga kura Chicago mwaka 1992, na watu wale wale siku ya mchujo hawakuwa na wa kumchagua ila yeye. Kwangu hili ni doa, hata kama ni dogo.

Springfield iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago, na mwanasheria aliyetoka Harvard hakupokelewa kwa vifijo. Kwa miaka sita ya kwanza Seneti ilikuwa mikononi mwa chama pinzani cha Republican, kwa hiyo mswada wa mtu wa upinzani ulikuwa rahisi kufia kwenye kamati. Alichofanya ni kujiunga na mchezo wa karata wa jioni nyumbani kwa seneta mwenzake, pamoja na wabunge wa mashambani na wa chama pinzani. Si jambo la kudharau. Mwaka 1998 alisaidia kupitisha sheria ya kuwazuia wanasiasa wa Illinois kupokea zawadi holela, na alifanya kazi hiyo bega kwa bega na Republican. Katika jimbo lililojulikana kwa ufisadi, hiyo haikuwa kazi ya kumletea marafiki wengi.

Lipo jambo ambalo wakosoaji wake hawakulisahau: kura za "nipo". Katika Seneti ya Illinois mtu anaweza kupiga "ndiyo", "la" au "nipo". Mswada haupiti mpaka upate kura 30 za ndiyo kati ya maseneta 59, haidhuru wangapi wamehudhuria. Maana yake "nipo" huuzuia mswada sawasawa na "la", ila jina lako halionekani kwenye safu ya waliokataa. Obama alipiga kura ya namna hiyo karibu mara 130, kati ya kura kama 4,000 kwa jumla.

Watetezi wake wana hoja nzito hapa. Ni kura ya kawaida Springfield. Wabunge huitumia kuonyesha kwamba wanakubali lengo la mswada lakini wanaona una kasoro ya kikatiba. Kwenye miswada kadhaa ya utoaji mimba, ulikuwa mkakati uliopangwa na watetezi wa haki za uzazi ili kuwakinga wabunge wenye viti visivyo salama. Lakini chukua mswada wa 1999, uliotaka vijana wa kuanzia miaka 15 wanaoshtakiwa kwa kufyatua risasi karibu na shule wahukumiwe kama watu wazima. Obama alisimama bungeni akaeleza kwamba hakuna ushahidi kuwa adhabu za namna hiyo hupunguza uhalifu wa vijana. Hoja safi kabisa. Ilipofika kura, akasema "nipo". Mswada ulikuwa unapita kwa kishindo, kwa hiyo "la" yake isingebadilisha lolote zaidi ya kumgharimu siku za usoni. Mtu anayeamini hivyo kuhusu watoto wa eneo analoliwakilisha, na kwa kura isiyoweza kuleta hasara kwa mtu mwingine yeyote, alipaswa kusema la. Sioni njia ya kumtetea hapa.

Mwaka 2000 alijaribu kuruka mapema. Alimpinga mbunge Bobby Rush kwenye mchujo wa kiti cha Baraza la Wawakilishi mjini Washington, akapata asilimia 30 kwa 61 za Rush. Wapiga kura weusi wa kusini mwa Chicago walimjua Rush tangu enzi za Black Panther, chama cha wanaharakati weusi. Obama walimwona mgeni mwenye haraka.

Kisha bahati ikaingia, na katika siasa za majimbo bahati ina mahali pake rasmi. Vyama viliposhindwa kuafikiana juu ya mipaka mipya ya uchaguzi mwaka 2001, jina lilichomolewa kutoka kwenye kofia, kama katiba ya Illinois inavyoruhusu kura ya bahati. Likatoka la Democratic. Eneo la Obama likachorwa upya, likapanda kaskazini kando ya ziwa hadi kwenye mitaa ya matajiri wenye uwezo wa kuchangia kampeni. Uchaguzi wa 2002 chama chake kikaitwaa Seneti, na Emil Jones, mzee wa siasa aliyekuwa mlezi wake, akawa rais wa Seneti hiyo.

Jones alimpa Obama miswada ya kubeba, mingine ikiwa imehangaikiwa na wenzake kwa miaka. Wenzake hao walinung'unika, na walikuwa na haki. Hata hivyo, si kila aliyepewa mzigo angeufikisha. Sheria ya 2003 ya kurekodi mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji inaonyesha hivyo. Chicago ilikuwa na jeraha la Jon Burge, kamanda wa polisi ambaye kikosi chake kilituhumiwa kuwatesa washukiwa zaidi ya mia moja, wengi wao weusi, tangu miaka ya 1970 hadi 1991 ili wakiri makosa. Mwaka 2000 Gavana George Ryan, wa Republican, alisimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo baada ya kubainika kwamba watu 13 waliokuwa wakingoja kifo hawakustahili hukumu ile, huku 12 wakiwa wameshauawa tangu 1977. Polisi na waendesha mashtaka hawakutaka kamera. Obama aliketi nao na pia na wapinzani wa hukumu ya kifo mpaka mswada ukapita katika Seneti bila kura ya kuupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Katika kazi zake zote za ubunge, jimboni na taifani, hakuna ninayoiheshimu kuliko hii, maana matunda yake yalimfikia mtu aliyefungiwa chumbani na askari, bila shahidi.

Uchaguzi wa 2004 wa useneta wa taifa ulikuwa mwepesi: asilimia 53 kwenye mchujo, kisha 70 kwa 27 dhidi ya Alan Keyes wa Republican.

Washington alikuwa seneta kwa chini ya miaka minne, na tarehe 10 Februari 2007 alikuwa tayari anatangaza kugombea urais, akiwa amesimama Springfield ileile. Mwaka huo alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya masuala ya Ulaya, inayohusika na NATO, muungano wa kijeshi uliokuwa ukipigana Afghanistan, lakini hakuitisha kikao cha kuvichunguza vita hivyo. Hillary Clinton, mpinzani wake kwenye mchujo wa urais, alipomkabili kwa hilo kwenye mdahalo, jibu lake lilikuwa kwamba alipata uenyekiti kampeni ikianza. Ni jibu la kweli, na ndilo tatizo lenyewe.

Upande wa pili, ustadi wa Springfield ulisafiri naye. Akiwa na Tom Coburn, mhafidhina wa Oklahoma, alipitisha sheria ya 2006 ya kuweka matumizi ya serikali kwenye tovuti ya wazi. Akiwa na Richard Lugar, seneta wa Republican, alishughulikia silaha zilizozagaa duniani. Na mswada wake wa kuisaidia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulitiwa saini na Rais Bush Desemba 2006. Sheria hiyo ilitaka mjumbe maalumu wa Maziwa Makuu, na ikaruhusu msaada uzuiwe kwa nchi inayoivuruga Kongo.

Julai 2012, baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuituhumu Rwanda kuwaunga mkono waasi wa M23 huko Kongo, nayo Rwanda ikakanusha, serikali ya Obama ilizuia dola 200,000 tu za msaada wa kijeshi. Novemba mwaka huo mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukaanguka mikononi mwa waasi hao. Ndipo mwaka 2013 akamteua Russ Feingold kuwa mjumbe maalumu, miaka zaidi ya sita tangu sheria yake mwenyewe ilipoomba mtu wa namna hiyo.