Amina mbili za Jumapili moja

Jumapili iliyopita nilitoka Mbeya mjini kwenda nyumbani Rungwe, nikasali katika kanisa nililobatiziwa. Mhubiri alizungumzia utoaji mimba kwa nusu saa nzima, na alizungumza vizuri, hata akina mama wakafuta machozi kwa ncha za khanga. Alisema uhai ni mali ya Mungu na kwamba hakuna mkono wa binadamu ulioruhusiwa kuukatisha. Tukaitikia Amina. Kabla machozi hayajakauka akawageukia wauaji, akaitaka Serikali ianze tena kunyonga, kwa kuwa tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa nchini ingawa mahakama zinaendelea kutoa hukumu hiyo. Tukaitikia tena, kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Mimi pia niliitikia, na jambo hilo limeninyima usingizi wiki nzima.

Nusu ya kwanza ya mahubiri yale siipingi, kwani nami naamini kwamba mtoto aliye tumboni ni mtu. Najua pia jibu atakalonipa mzee yeyote wa kanisa: mtoto hana hatia, muuaji anayo. Jibu hilo lina uzito, na ingawa napata shida kulikubali, nakiri kwamba anayelishika hajipingi. Lakini akishalishika, ameiacha hoja aliyoanza nayo. Hawezi tena kusema kwamba uhai ni wa Mungu peke yake. Anachosema sasa ni kwamba uhai wa asiye na hatia usiguswe, na wa mwenye hatia tumekabidhiwa sisi. Basi anionyeshe kwamba tunamjua mwenye hatia bila kukosea hata mara moja.

Hatumjui. Kijana mmoja wa kijijini kwetu alikamatwa kwa mauaji ya mzee jirani yake, na kwa kuwa kosa hilo halina dhamana, alikaa mahabusu miaka sita. Sisi tulikuwa tumemhukumu kabla ya maiti kuzikwa: tulisema pale pale msibani, huku tukichanga rambirambi, kwamba alionekana njiani usiku ule, kwamba waligombania mpaka wa shamba la chai, kwamba macho yake peke yake yalitosha kuwa ushahidi. Mama yake aliacha kuja kanisani kwa aibu. Kesi iliposikilizwa, ikadhihirika kwamba shahidi aliyedai kumwona njiani alikuwa Kyela usiku huo, na mahakama ikamwachia huru. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Miaka sita haikurudi, lakini yeye alirudi, kwa sababu alikuwa hai.

Nakumbuka pia mwanzo wa mwaka 2019, wakati watoto wa Njombe walipokuwa wakiuawa, na wazazi wa Nyanda za Juu Kusini tukilala tumewakumbatia watoto wetu. Siku zile, kama ningeonyeshwa mtuhumiwa yeyote, nisingeuliza ushahidi. Hasira yetu ilikuwa ya haki, na ndiyo maana naiogopa.

Sheria yenyewe inaongeza hatari hiyo. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimpi jaji nafasi ya kupima: mtu akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, adhabu ni kifo, awe jambazi au mke aliyepigwa miaka mingi hadi siku moja akapanga kulipiza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa nchini, Arusha, ilisema mwaka 2019 kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Hata Mahakama yetu ya Rufani, ilipotengua mwaka 1995 uamuzi wa Jaji Mwalusanya aliyeiona adhabu hiyo kuwa kinyume cha Katiba, ilikubali kwamba kunyonga ni ukatili unaomdhalilisha binadamu; iliiacha kwa maslahi ya umma. Kwa Wakatoliki, Papa Francis alilimaliza jambo hili mwaka 2018, aliporekebisha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa lao, ikasema adhabu ya kifo haikubaliki.

Kuna jambo moja katika sheria hiyo ambalo ningependa mhubiri alisome. Mwanamke mjamzito akitiwa hatiani kwa mauaji hahukumiwi kifo, bali kifungo cha maisha, na akishajifungua harudishwi kwenye kitanzi. Mtoto asiyezaliwa, yule yule tuliyemlilia, amemwokoa mwenye hatia. Ikiwa nchi inaweza kumwacha hai mama huyo na haki isiporomoke, sioni kwa nini ishindwe kumwacha hai baba wa mtoto huyo aliyetenda kosa hilo hilo.

Wanaopinga kitanzi na kukubali utoaji mimba nao wana la kujibu, lakini leo nazungumza na watu wa kanisani kwangu.

Kijana yule siku hizi anauza ndizi karibu na stendi ya Tukuyu, na Jumapili ile tulikaa benchi moja. Amina ya kwanza aliitikia. Ya pili ilipopaa, aliinamisha kichwa, akafungua kitabu chake cha nyimbo na kuanza kutafuta wimbo ambao hakuna aliyekuwa ameutaja.