Gitaa moja lilitosha

Tuzo za muziki za Grammy huanza jioni kule Los Angeles, na huku kwetu inakuwa saa kumi alfajiri. Jumatatu ile ya 5 Februari 2024 nilikuwa jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, mama pembeni anakoroga unga wa vitumbua vya kuuza. Nimetazama tuzo nyingi tangu siku hiyo, na kila msanii anapopanda jukwaani bado namlinganisha na wawili niliowaona alfajiri ile.

Kamera ilianza na vidole. Havikuonyeshwa jukwaa, taa wala wacheza shoo, ila mkono unadonoa nyuzi za gitaa, ile milio michache ambayo ukiisikia tu wimbo unaujua. Kisha picha ikapanda hadi usoni. Alikuwa Tracy Chapman, mwimbaji wa Marekani, rasta zake zimeingia mvi, anatabasamu kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango uko wazi. Ukumbi ukalipuka. Mama huyu alikuwa ameadimika jukwaani kwa miaka mingi.

Pembeni yake alisimama Luke Combs, mwimbaji wa kantri kutoka North Carolina. Wimbo wenyewe, "Fast Car" wa Chapman, ulitoka mwaka 1988. Combs akazaliwa 1990. Mwaka 2023 aliurudia wimbo huo bila kuugeuza, hata pale anayeimba anapojiita binti wa kaunta, na ukavuma upya. Novemba mwaka huo Chapman akawa mtunzi wa kwanza mweusi kupata tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya chama cha muziki wa kantri cha Marekani, miaka 35 baada ya kuutoa. Combs angeweza kabisa kupanda jukwaani siku ile ya Grammy kama mwenye wimbo. Hakufanya hivyo. Chapman alipokuwa akiimba, Combs alimkazia macho huku midomo yake ikifuata maneno bila kutoa sauti, kama mtoto anayemfuata mwalimu wa madrasa. Zamu yake ilipofika, aliimba kwa adabu. Mwisho akamwinamia.

Mama aliacha kukoroga. "Huyu dada analia nini, mwanangu?" Nikamweleza: baba yake mlevi, mama yake kaondoka, kaacha shule amtunze mzee, sasa anauza dukani, na mwenzake ana gari, anataka waondoke wakaanze maisha kwingine. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyo ni wa hapahapa mtaani." Baadaye akaongeza, "Na huyo kijana anamheshimu. Umeona anavyomtazama?"

Nilikuwa nimeona. Kuimba pamoja, kwa maoni yangu, ndiko huko. Mara nyingi kwenye tuzo wasanii wawili huwekwa pamoja ili majina yao yasomeke kwenye tangazo moja, kisha kila mmoja anapigania dakika yake. Chapman hajawahi kuhitaji vurugu hizo. Mwaka huohuo wa 1988, kwenye tamasha la uwanja wa Wembley, London, la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, ambaye bado alikuwa kifungoni, Stevie Wonder alikwama kwa sababu ya hitilafu ya vyombo vyake. Chapman, ambaye alikuwa ameshaimba mchana, akarudishwa na gitaa lake tu mbele ya uwanja mzima, na dunia ikamjua.

Usiku huohuo wa Grammy, Joni Mitchell, mwimbaji mkongwe kutoka Kanada, aliimba kwa mara ya kwanza kwenye jukwaa lile akiwa na miaka 80. Aneurizimu ya ubongo, yaani mshipa wa damu uliovimba, ya mwaka 2015 ilimlazimu kujifunza upya kutembea. Aliketi kwenye kiti kama cha enzi, bakora mkononi, wapigaji wamemzunguka, akaimba "Both Sides Now", wimbo alioutunga akiwa msichana. Sauti imeshuka, imekwaruza, na kila neno lilikuwa na uzito ambao msichana yule asingeweza kuupata. Nilimkumbuka Bi Kidude wa Zanzibar, aliyeimba na kupiga ngoma hadi ukongwe wake, akatuzwa na WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005. Watu wetu wazima wa muziki tunawaita jukwaani kupokea ngao, wapige picha, washuke. Kwa nini hatuwapi maikrofoni?

Mwimbaji Fantasia naye alimwimbia marehemu Tina Turner kwa miguu, nywele na mapafu, nami nilifurahi. U2, bendi ya Ireland iliyorushwa moja kwa moja kutoka ukumbi wa Las Vegas, sikuwaelewa. Ukumbi wao uliwameza.

Kuhusu Burna Boy, bado nina donge. Kijana wa Port Harcourt, Nigeria, kapewa jukwaa kubwa, jambo la kujivunia, lakini akabanwa vipande vya nyimbo tatu akiwa na Brandy na 21 Savage, na kabla hujaanza kutikisa bega, kwisha. Tuzo mpya kabisa ya muziki wa Afrika, ambayo Tyla wa Afrika Kusini aliichukua akiwa na miaka 22, ilitolewa mapema, kabla ya matangazo makuu ya runinga. Kama kweli wametufungulia mlango, basi wimbo mmoja wa Burna Boy, mzima, na bendi yake, ungetutosha.

Na sisi wenyewe je? Kwenye tuzo moja ya hapa nyumbani niliyoitazama, msanii ninayempenda alishusha maikrofoni hadi kiunoni ili acheze, na sauti yake ikaendelea kutoka kwenye spika, safi kabisa, na kiitikio juu. Watu wakashangilia. Mimi niliumia, kwa sababu nimewahi kumsikia akiimba laivu msibani, bila chombo chochote, na watu wazima wakafuta machozi. Anaweza. Waandaaji wangemwambia aje na mpiga gitaa mmoja na dakika nne, angetuacha hoi.

Ile video ya Chapman na Combs ninayo kwenye simu. Wiki iliyopita mama alikuwa akiosha mchele wa vitumbua, akaniita kutoka uani: "Niwekee yule dada wa gari." Nikaegemeza simu kwenye kopo lilelile. Safari hii kiitikio alikifuata kwa kuguna, mikono majini, hadi Combs alipoinama.